Mmepewa trela ya tamthilia na mna simu tu? Anzieni kwenye sauti

Juzi kuna binti kaniandikia inbox, yuko mwaka wa pili chuo kimoja huko Dodoma, anasema wamepewa asaimenti ya trela ya tamthilia, sekunde 90, wako sita, simu nzuri mbili na laptopu moja inayojizima zima, "dada tuanzie wapi maana kila mtu kwenye grupu anataka kuwa direkta". Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akanikazia macho. Nikaanza kumjibu, meseji ikawa ndefu, nikaona bora niimwage hapa, maana najua wengi mnaonisoma ndoto ni ile ile, siku moja jina lako lipite kwenye chaneli ya Maisha Magic Bongo au Sinema Zetu na mama aite majirani waje waone.

Mimi hii kazi nimeifanya, na nasema bila aibu, trela yetu ilikuwa kali. Mpaka leo lekcha anawaonyesha wanafunzi wapya. Habari za huyo lekcha na kuonyesha kwake tutafika, msiwe na haraka.

Kwenye grupu letu kulikuwa na kaka mmoja, simtaji, anajijua. Huyu alitaka drone ipite juu ya Daraja la Tanzanite, halafu magari mawili yafukuzane. Magari ya nani sasa? Na drone yenyewe inataka kibali. Tulibishana naye wiki nzima na alikuwa hajawahi kukaa na mama yake akaangalia tamthilia hata moja mpaka mwisho. Hilo ndo tatizo la watoto wa chuo, wanadharau kitu wanachotakiwa kukitengeneza. Mtu anayeangalia tamthilia hafuati magari. Anafuata watu wanaolala nyumba moja na hawawezi kuachana, anataka kujua leo nani kamwambia nani nini. Kwa hiyo trela ya filamu inaweza ikakuuzia tukio, ya tamthilia inakuuzia watu wanne watano na ugomvi ambao ukiuangalia unajua huu hauishi wiki hii. Sebule inatosha, jiko linatosha, na uani ndo kabisa.

Hadithi yetu ilikuwa hivi. Mzee kafariki Tandika, arobaini haijafika, anaingia mwanamke kutoka Tanga na mtoto wa kiume na cheti cha ndoa. Basi. Hapo tayari una mke mkubwa ambaye hajui kama alie au apigane, una mtoto wa kwanza ambaye alishaanza kutafutia kiwanja cha baba wateja kimya kimya, una shangazi anayejua kila kitu tangu zamani na alikaa nacho, na una mgeni ambaye labda ni mkweli labda tapeli. Kila mmoja tulimpa sentensi moja tu kwenye trela. Moja. Sentensi ya shangazi ilikuwa "mimi sijasema kitu", na alivyoisema yule dada huku anachambua mchele bila kuinua uso, darasa zima lilipiga kelele. Na hatukujibu swali lolote, cheti ni cha kweli au cha uongo mpaka leo watu wananiuliza, na mimi sijui, hatukuandika!

Sasa sini ya mwisho, ambayo ilikuwa wazo langu, mniruhusu niringe kidogo.

Tulishuti uani kwa mama yangu mdogo Mbagala. Mgeni kachuchumaa anaosha vyombo. Mke mkubwa anaanika nguo taratibu, anatoa khanga ya mwisho kwenye beseni, anaikung'uta mpaka maji yanamrukia mgeni, anaitandaza kambani, anaigeuza upande wa maandishi umuelekee yule mgeni. Halafu anaingia ndani. Kamera inatembea kwenye jina la khanga neno kwa neno, NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Dialogi hamna. Yule kaka akasema watu wa mjini saivi hawasomi khanga. Weee! Kwa hilo hata bibi zetu wangemcheka.

Ila kuishuti si mchezo. Jina la khanga liko chini, karibu na pindo, kwa hiyo ikining'inia kambani maandishi yanakuwa usawa wa magoti, ukishika simu ulivyozoea, usawa wa uso, unapata maua tu. Aliyeshika simu lazima achuchumae na atembee amechuchumaa bila kuyumba, jaribu uone. Upepo ukipiga kidogo maandishi yanajikunja, tukairudisha kwenye beseni ikalowa chapachapa iwe nzito, ndo ikatulia. Halafu teki iliyokuwa nzuri kuliko zote, kaka yetu ndo alikuwa kashika simu, kumbe kafungua kamera ya mbele, ile ya selfi, na simu yake inahifadhi picha kama kioo. Maandishi yote kinyumenyume! Na jua la Dar likishaanza kushuka saa kumi na mbili halikusubiri, tukarudi kesho yake na nauli za watu sita tena. Hajawahi kusema samahani. Sijasahau.

Haya, sauti. Huyu binti wa Dodoma kaniuliza kamera, app gani, taa gani, hakuniuliza sauti hata mara moja, na ndo hapo mtafelia. Picha ikiwa na giza kidogo watu watakuvumilia, wasiposikia shangazi anasema nini wanahama. Hamna hela ya maiki? Simu ya pili iweke kwenye mfuko wa shati wa muigizaji au ifiche nyuma ya chungu, washa rikoda, mtu apige kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza, kwenye kuediti unalinganisha kofi la picha na kofi la sauti umemaliza. Zimeni feni. Zimeni friji, na funguo za nyumba ziwekeni ndani ya friji hilo hilo ili asitoke mtu mkasahau kuliwasha, samaki wa mama mdogo wasije wakaoza akawafukuza ukoo mzima. Ingieni mapema mjue ratiba ya mtaa, bodaboda wanapaki wapi, adhana saa ngapi, fundi grili anaanza kukata vyuma saa ngapi. Na kila sehemu mkimaliza kushuti wote nyamazeni, rekodini ukimya wa hapo walau nusu dakika. Mtaudharau huo ukimya, halafu usiku mnaediti mtautafuta kwa tochi kuzibia mapengo.

Ndani kama mna taa ya tyubu na video inapepesa pepesa, ni umeme wetu, ni hezi 50. Wekeni fremu (zile picha zinazounda video) 25 kwa sekunde, spidi ya shata, yaani muda kila fremu inapokea mwanga, 1/50 au 1/100 ya sekunde, inaacha. Kama kamera ya simu yenu haina sehemu ya kubadilisha, shutini karibu na dirisha mchana na taa mzime.

Kibali pia. Sheria ya filamu ipo tangu 1976, msijifanye hamjui, ombeni barua chuoni mapema na mpite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mumwamkie. Sisi tulipita, akatuletea na viti.

Kuediti niliediti mimi. Peke yangu. Wenzangu walikuwa "busy". Kabla hujafungua programu yoyote, CapCut au DaVinci Resolve ambayo ni bure ila laptopu ya kujizima haitaiweza, chukua karatasi, andika kila shoti kwenye kipande chake, tandaza sakafuni, panga, pangua. Mimi nilipanga sakafuni hosteli usiku, rumeti akawa anaruka ruka kwenda chooni. Pale chini ndo niligundua mgeni anatokea mapema mno, nikamsogeza, kwanza tuone msiba na amani ya uongo, watu wanakula pilau, halafu hodi. Na ile hodi niliitanguliza, inasikika wakati picha bado iko kwenye sinia la pilau na mkono wa mke mkubwa unasimama njiani kabla haujafika mdomoni. Hapo ndo trela inaanza kweli. Waingereza tamthilia yao ya EastEnders wanairusha tangu 1985 na karibu kila kipindi kinaishia kwenye zile ngoma duf duf, mtu yuko jikoni anajua kimenuka bila kuona. Na nyie tafuteni mlio wenu.

Muziki usiibe. Ukichukua wimbo wa msanii, YouTube wataizima sauti au watakuwekea madai, kazi yenu yote inabaki midomo inachezacheza. Sisi jirani alitupigia kinanda.

Kitu kingine kitakachowaliza, simu nyingi zinarekodi idadi ya fremu isiyo sawa kila sekunde, ukiweka klipu ndefu na sauti ya pembeni mwanzo vinaenda pamoja mwisho midomo inachelewa, mtadhani mmerogwa. Pitisheni klipu kwanza kwenye HandBrake, programu ya kompyuta ya kubadilisha video, ni bure, chagueni idadi ya fremu isiyobadilika, ndo muanze kukata. Na jamani msitumiane klipu WhatsApp kama video, inazikamua mpaka zinabaki ukungu, tuma kama dokumenti au tembea na flashi. Kila klipu ikae sehemu mbili, usiniambie nakala iko kwenye simu ile ile.

Mwisho kabisa wa trela jina la tamthilia, siku na saa, sekunde tatu nne mtu mzima aweze kusoma. Tamthilia ni miadi, watu wanapanga chakula cha usiku kwa kuifuata.

Sasa majina. Tulivyopresenti, lekcha alisimamisha kwenye khanga akairudia, akauliza nani kafikiria hii. Yule kaka akasimama. Akasimama! Mimi niko nyuma nachomeka waya wa projekta. Lekcha akampa mkono, na kwa trela hiyo hiyo alikuja kupata field kituo kimoja cha TV, kwenye wasifu wake kaandika direkta na mhariri. Mimi naediti video za harusi na kicheni pati, na sijalala njaa, ila bado trela ile ikionyeshwa inaonyeshwa kwa jina lake na lekcha anajua, nilimwambia, akasema "hayo ni mambo yenu ya grupu". Wadogo zangu, msiwe wapole kama mimi. Kuna upole na kuna kuonewa, na Mungu hajatuumba tuwe ngazi za watu. Jasho lako lidai mapema, ukingoja kazi iishe ndo useme utaonekana una wivu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hata ya skripti kaeni wote sita, karatasi moja, nani direkta, nani kamera, nani sauti, nani anaediti, wazo la sini ipi ni la nani. Wote msaini, ipigeni picha, irushwe kwenye grupu na lekcha awekwe nakala. Atakayesema "aah hizo fomaliti za nini sisi si washkaji", huyo msimpe simu ashike.