Usianze na neno "bure"

"Kijana, kama ni ya bure, siku ikiharibika namfuata nani?"

Aliyeniuliza alikuwa mzee mmoja, karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ya korosho. Nilikuwa nimeshazungumza dakika arobaini kuhusu programu huria, zile za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzigawa, katika darasa la chuo kimoja hapa Mtwara mjini, kwa projekta ya kuazima na slaidi thelathini na ushee. Nilishawapitisha kwa Richard Stallman na mradi wake wa programu huria, GNU, wa 1983, kwa Linus Torvalds aliyeitangaza Linux, kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki, nikaingia kwenye leseni, nikatoka. Na kila baada ya slaidi mbili nilirudia: ni bure kabisa. Nikamjibu mzee maneno fulani kuhusu jumuiya ya watu dunia nzima. Akaitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mtoto wa jirani anayekusimulia ndoto yake, akatoka kwenda kuswali adhuhuri. Hakurudi.

Tangu siku ile nimesimama mbele ya watu mara kadhaa, Mtwara na Lindi, kuzungumzia programu huria. Haya nayaandika kwa yeyote aliyeombwa kufanya hivyo na sasa anahangaika na slaidi.

Kwanza lile neno. Waingereza wana neno moja, "free", kwa kitu kisicholipiwa na kitu kilicho huru, ndiyo maana kila mzungumzaji wao hulazimika kufafanua. Sisi tumeepushwa na shida hiyo, tuna bure na tuna huria, halafu tunakwenda kuchagua lile baya! Bure yetu ina harufu. Kuna kazi bure, kuna mtu bure. Mkulima aliyewahi kupewa kitu cha bure wakati wa kampeni anajua kwamba bili huja baadaye.

Mimi mwenyewe nilipaswa kulijua hilo, maana mwaka 2019 nilimponza mjomba wangu. Ana duka la pembejeo Tandahimba. Wakulima huchukua salfa kwa mkopo mwezi wa sita, wanalipa korosho zikishauzwa mnadani. Nikamwekea kwenye simu programu ya kuandika madeni, ya bure, nzuri, yenye rangi. Mwezi wa tisa, wiki chache kabla ya minada, ikamwambia muda wa majaribio umekwisha, lipia kwa kadi ya benki, kwa dola. Majina yote na madeni yote yakawa ndani. Mjomba hakuwa na kadi ya aina hiyo, na daftari lake la zamani alishalitelekeza kwa ushauri wangu. Tulizunguka na bodaboda siku nne, nyumba kwa nyumba, tukiuliza watu wanadaiwa kiasi gani. Wengi walisema kweli. Mjomba hajawahi kunitupia neno, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa ndiyo hadithi ninayoanzia nayo, na huiunganisha na nyingine. Waliokuwa wakijenga Linux, miaka ya mwanzo ya 2000, waliweka kumbukumbu za kazi yao kwa programu iitwayo BitKeeper. Waliitumia bila kulipa, lakini haikuwa huria: mwenye mali alikuwa mmoja. Mwaka 2005 mwenye mali akaondoa ruhusa hiyo. Torvalds akakaa chini, na katika siku chache akawa na kitu kilichoweza kufanya kazi, kikaitwa Git. Leo watengeneza programu karibu wote duniani wanaitumia. Nikifika hapo sihitaji slaidi ya leseni. Watu wanaona wenyewe: bure ni hisani ya mwenye mali, anaweza kuamka na kuiondoa, bali huria ni haki uliyopewa pamoja na msimbo wenyewe, yaani maandishi yanayoielekeza kompyuta, na nakala uliyonayo hakuna anayekuja kuichukua. (Sema msimbo. Nilipokuwa nikisema "kodi", nusu ya ukumbi walidhani nimetumwa na TRA.)

Swali la mzee, hata hivyo, halijajibiwa na hadithi hiyo. Ikiharibika unamfuata nani? Jibu la kweli ni kwamba mara nyingine yupo mtu mmoja tu, amechoka, na halipwi. Usiwafiche hili. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila seva ya Linux, ilikuwa imepenyezewa mlango wa siri. Mtunzaji wake alikuwa amebaki karibu peke yake, akajitokeza mtu wa kumsaidia, akasaidia muda mrefu hadi akaaminiwa, kisha akaingiza uovu wake. Aliyegundua ni mhandisi Andres Freund, kwa sababu tu aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde, akataka kujua kwa nini. Aliweza kuchimba hadi mwisho kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Nikiisimulia hii, huwaambia: unayemfuata ni mtunzaji, na asipokuwepo ni yeyote mwenye ujuzi uliye tayari kumlipa au kumwomba, hata kijana wa mtaani kwako. Kwa ile ya mjomba hakuna fundi angeweza kunisaidia hata ningemlipa.

Mifano ya matumizi ipitie haraka, ila iwe ya watu waliomo ndani. Muuguzi anayejaza takwimu za MTUHA ajue kwamba DHIS2 inakopelekwa ile ripoti ya mwezi ni programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Mwenye Tecno ajue chini ya Android kuna Linux. Ukiwa na muda fungua OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wenyewe, uwaonyeshe mtaa wao, halafu usubiri mtu aseme "mbona msikiti wetu haupo?" Huyo umeshampata.

Intaneti usiitegemee. Mei 2024 tulipanga mkutano mdogo na mgeni kutoka Dar. Kimbunga Hidaya kikapita, barabara ya kusini ikakatika pale Somanga, mgeni akaahirisha safari. Jumapili ya tarehe 12, kebo za intaneti za EASSy na SEACOM nazo zikakatika baharini, mtandao ukawa wa kubahatisha nchi nzima. Umeme nao ulikuwa na mambo yake, ingawa tumeikalia gesi. Tukafanya hivyo hivyo, kwa flashi mbili. Git haihitaji mtandao ili ifanye kazi: kila nakala hubeba historia yote ya mradi, na flashi inatosha kuihamisha.

Kwenye flashi nilikuwa na programu ndogo ya madeni, niliyoiandika baada ya aibu ya Tandahimba. Nikaacha kuhutubia, nikawaambia waijaribu. Mama mmoja, naye karani, akaandika jina la mahali anapotoka, Mang'amba. Programu ikazima. Akaijaribu tena, ikazima tena. "Mwanangu, hii haitaki kwetu," akasema, watu wakacheka, nami nikatoka jasho, kwa sababu nilijua tatizo ni nini: ile alama ya ng' msimbo wangu uliisoma kuwa ndiyo mwisho wa neno. Na huku kusini nimeijaribu kwa miezi bila kuandika hata jina moja lenye ng'!

Wanafunzi wawili walikaa nayo kama saa moja. Mistari minne. Walipomaliza nikamwomba mama aandike maelezo ya badiliko hilo mwenyewe, akaandika: "Mang'amba sasa inaingia." Nikamfungulia kumbukumbu, akaona jina lake, tarehe na sentensi yake chini ya mistari yangu.

"Na ukiifuta kwako?"

"Iliyo kwako itabaki, mama."

Akafungua mkoba, akatoa flashi yake iliyofungwa kwenye ufunguo wa nyumba, akanipa.