Babu Alikuwa Myahudi, Mimi Nimebatizwa: Je, Naweza Kuhamia Israeli?

SWALI: Wakili, salaam. Naishi Nakuru. Babu mzaa baba alikuwa Myahudi wa Leipzig, Ujerumani, akakimbilia Kenya mapema 1939. Bibi yangu alikuwa Mluhya, na hawakufunga ndoa ya serikali. Ninayo pasipoti ya babu. Imegongwa herufi J nyekundu, na ndani ameandikwa jina la Israel ambalo cheti chake cha kuzaliwa hakina. Mimi nilibatizwa Kianglikana utotoni, ila kwa miaka kadhaa sasa nawasha mishumaa Ijumaa jioni, nasoma Torati na natamani kuhamia Yerusalemu na mwanangu wa miaka 17. Je, ubatizo umenifungia njia? Majina yasiyolingana nifanyeje? Na nikifika nitakuwa Myahudi?

JIBU: Dada, nianze na pasipoti, maana ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote ulizonazo, na wewe unaiogopa.

Jina la Israel babu yako hakupewa na wazazi wake. Tarehe 17 Agosti 1938 serikali ya Hitler ilitoa amri kwamba kila Myahudi mwanamume ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha yao ya majina ya Kiyahudi aongezewe Israel, na mwanamke aongezewe Sara, kuanzia 1 Januari 1939. Kugonga J, herufi ya kwanza ya neno la Kijerumani Jude, yaani Myahudi, kwenye pasipoti kulianza Oktoba 1938. Cheti alichoandikiwa alipozaliwa hakiwezi kuwa na jina hilo, labda liwe limeandikwa pembeni mwa kitabu cha vizazi baadaye. Maofisa wanaoshughulikia maombi haya wanaijua historia hiyo. Kwa hiyo usiape hati ya kiapo ya kulinganisha majina, wala usiombe chochote kirekebishwe. Peleka zote mbili kama zilivyo, pamoja na maelezo mafupi. Na tafadhali, pasipoti hiyo usiitie plastiki, kwa sababu muhuri na wino ndivyo vitakavyochunguzwa. Inaniuma kila ninapoiona alama ile mezani kwangu: aligongewa ili afedheheshwe, na leo mjukuu wake anaitumia kujitambulisha.

Sasa sheria. Sheria ya Kurejea ilipitishwa Julai 1950, ikampa kila Myahudi haki ya kuhamia Israeli. Mwaka 1970 iliongezwa kifungu cha 4A, kinachotoa haki hiyo pia kwa mtoto na mjukuu wa Myahudi, na kwa wenzi wao wa ndoa. Si lazima babu awe hai, wala si lazima awe aliwahi kukanyaga Israeli. Wewe unaombea hapo.

Kifungu hichohicho kinamtoa mtu aliyekuwa Myahudi kisha akabadili dini kwa hiari yake. Kesi inayojulikana zaidi, iliyoamuliwa hata kabla ya kifungu hicho kuandikwa, ni ya Oswald Rufeisen, Myahudi wa Poland aliyeokoa Wayahudi wenzake wakati wa vita, kisha akawa mtawa Mkatoliki wa shirika la Wakarmeli. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Israeli ilimkatalia kuingia kwa Sheria ya Kurejea. Lakini kesi yako si ya Rufeisen. Kwa sheria ya dini, Uyahudi hupitia kwa mama. Bibi yako hakuwa Myahudi, kwa hiyo baba yako hakuwa, na wewe pia, maadamu mama yako si Myahudi. Huwezi kuwa umeiacha dini ambayo hukuwa nayo. Mwaka 2008 mahakama hiyo iliwakubalia watu wanaomwamini Yesu ambao baba zao walikuwa Wayahudi, na hoja ilikuwa hiyo. Kwenye fomu, mahali pa dini, andika ukweli.

Swali zito ni la babu mwenyewe. Je, alifariki akiwa Myahudi? Kama alibatizwa kwa hiari yake, nieleze mapema, maana hoja itabadilika. Kama alizikwa makaburi ya Wayahudi Nairobi, piga picha ya jiwe la kaburi, kisha uombe barua kutoka kwa jumuiya ya sinagogi ya Nairobi.

Panaponipa wasiwasi zaidi ni kati ya babu na baba yako. Bila cheti cha ndoa, ofisa atauliza: nani anasema huyu ni mwanawe? Tafuta cheti cha kuzaliwa cha baba chenye jina la babu. Kikikosekana, nenda kanisani alikobatizwa baba ukaombe nakala ya ukurasa wake katika kitabu cha ubatizo, kwa kuwa mara nyingi jina la baba wa mtoto huandikwa hapo. Rekodi za shule, wosia, barua za babu kwa mwanawe, vyote vinafaa. Wakimbizi wengi wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na Waingereza Kenya vita vilipoanza 1939, kwa hiyo ulizia pia kwenye Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue.

Umeuliza kama utakuwa Myahudi. Hapana, dada, bado. Serikali itakupa uraia kwa ajili ya babu, lakini marabi wataangalia mama yako. Raia wa namna hiyo Israeli ni mamia ya maelfu, wengi wao kutoka iliyokuwa Urusi ya Kisovieti. Wanafanya kazi, wanalipa kodi, wanakwenda jeshini, lakini hawawezi kufunga ndoa kwa rabi, na ndoa ya kiserikali haifungwi nchini humo. Wengi huenda kuoana Cyprus.

Kwa kuwa unawasha mishumaa, nadhani hiki ndicho unachokitafuta kuliko uraia. Njia ipo, nayo ni uongofu: kusoma, kuishika Sabato na vyakula, kusimama mbele ya marabi watatu, kuzama majini. Ningekushauri uufanye ukishahamia, usiuchanganye na ombi la mjukuu. Chagua mahakama ya marabi kwa uangalifu. Tangu Machi 2021 uongofu wa Wareform na Wakonsavati, madhehebu ya Kiyahudi yasiyo ya Kiothodoksi, uliofanyika ndani ya Israeli unakubalika kwa uraia, ila Urabi Mkuu, mamlaka rasmi ya dini ya Kiyahudi nchini humo, hauukubali kwa ndoa. Ukishaongoka, utaitwa binti Abrahamu na Sara, na hakuna ruhusa ya kukuhesabu pungufu. Zamani mwongofu aitwaye Obadia alimwuliza Maimonides, rabi na mwanasheria mkubwa wa karne ya 12, kama anaweza kuomba akisema “Mungu wa baba zetu”. Maimonides akamjibu aombe hivyohivyo, asibadilishe neno.

Kenya inaruhusu uraia pacha kwa mzaliwa, ila utoe taarifa ndani ya miezi mitatu tangu upate uraia wa pili.

La haraka ni la kijana. Haki ya kifungu cha 4A inaishia kwa mjukuu, na yeye ni kitukuu. Akiingia pamoja nawe kabla ya kutimiza miaka 18, huwa kuna utaratibu wa kumpa ukaazi wa muda, na uraia wake hushughulikiwa baadaye. Akishavuka 18, ombi lake linasimama peke yake na huwa gumu sana. Mweleze pia habari ya jeshi, kwa sababu anaweza kuitwa, na umsikilize yeye mwenyewe anataka nini. Kama jibu lake ni ndiyo, nitumie tarehe yake ya kuzaliwa kabla ya karatasi nyingine yoyote.