Analipwa 9,000 Nyali: jinsi ya kuhesabu na kudai kinachopungua

Dada, umeuliza kuhusu mdogo wako wa miaka 20. Anafagia na kutunza bustani kwenye fleti za Nyali kwa 9,000 kwa mwezi, miezi 10 sasa, na tajiri anasema zinamtosha kwa kuwa "bado anajifunza", tena anakaa kwenu Likoni. Hoja zote mbili hazina mguu.

Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali hakishuki kwa sababu mtu ni kijana au yuko kwenye kipindi cha majaribio. Mwanagenzi wa kisheria ana mkataba wa mafunzo uliosajiliwa. Kushika fagio na mpira wa maji si mafunzo.

Kwa jiji la Mombasa, tangu tarehe 1 Novemba 2024 mfagiaji au mtunza bustani hapungui shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa 15,201.65, kwa hiyo anayedai miezi ya nyuma asichanganye. Pia angalieni kama kuna agizo jipya lililotoka baadaye. Likoni, Changamwe na Kisauni zimo humo humo, lakini ukivuka kwenda Mtwapa umeingia Kilifi, safu nyingine ya jedwali la viwango hivyo vya mishahara.

Wengi hukosea hapa: kiwango hicho ni mshahara wa msingi, nyumba haimo. Juu yake huongezwa asilimia 15, yaani 2,417.06, jumla 18,530.81. Kulala kwa mama hakumwondolei tajiri deni hilo, maana nyumba si yake. Angempa chumba cha maana pale pale kazini, hapo ndipo asilimia 15 isingedaiwa. Basi kwa mwezi zinapungua 9,530.81, na kwa miezi 10 ni 95,308.10.

Saa nazo zihesabiwe. Wiki ya kawaida ni saa 52 kwa siku sita. Akiingia saa mbili asubuhi na kutoka saa moja jioni, na mapumziko ya saa moja, anafanya 60. Gawanya 16,113.75 kwa 225 upate malipo ya saa moja (71.62), kisha zidisha kwa moja na nusu: kama 107.40. Saa nane za ziada ni karibu 859 kila wiki. Siku ya mapumziko au sikukuu ya taifa ni mara mbili. Na wakimlaza getini usiku, mlinzi wa usiku ana mstari wake, na uko juu zaidi.

Ushahidi akusanye akiwa bado kazini. Statimenti ya M-Pesa inaonyesha kila alicholipwa na nani. Jumbe za WhatsApp za kumwita kazini asizifute. Akilipwa mkononi, aandike tarehe na kiasi siku ile ile, na apige picha ukurasa wenye jina lake kwenye daftari la getini. Mkataba wa maandishi akiwa hana, asitishike. Kazi ya miezi mitatu au zaidi ni tajiri anayepaswa kuuandika, na akishindwa kuutoa kortini, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. "Lakini alikubali 9,000" pia haisaidii kitu. Makubaliano ya chini ya kima hayasimami, na kulipa chini yake ni kosa lenye faini ya hadi 50,000 au kifungo cha hadi miezi mitatu.

Aanze na barua fupi kwa tajiri: tarehe aliyoanza, anacholipwa, anachostahili, na siku 14 za kujibu. Abaki na nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa. Kimya kikizidi, aende leba, yaani ofisi ya serikali ya kazi, na karatasi hizo. Afisa anaweza kumwita tajiri na kukagua vitabu vya mishahara. Wakishindwana, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hapa Mombasa, na mahakimu walioidhinishwa husikiliza kesi za wanaolipwa hadi 80,000. Kwa asiye na pesa za wakili, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa.

Sasa yanayoharibu kesi. Kuondoka kwa hasira bila notisi humpa tajiri dai lake mwenyewe. Akifukuzwa, malalamiko yafike leba ndani ya miezi mitatu. Kwa malipo yaliyopunjwa, msikae mkitegemea muda wa jumla wa kufungua kesi ya kazi, yaani miaka mitatu. Tajiri anaweza kusema ni madai ya jambo linaloendelea, ambayo mwisho wa kuyafungulia kesi ni miezi 12 tangu jambo hilo lilipokoma. Na mazungumzo ya leba hayasimamishi muda huo, watu wengi wamenaswa hapo.

La mwisho ni ile karatasi ya "nimelipwa haki zangu zote". Huletwa pamoja na bahasha ya elfu tano, mara nyingi Ijumaa jioni. Asitie sahihi kabla hesabu haijaandikwa mstari kwa mstari juu yake.