Malaria ya watoto wako haitoki kwenye kanivo

Swali: Mwezi wa kwanza sisi watu wa avenyu yetu hapa Katuba, Lubumbashi, tulichanga fransi 5.000 kila parseli. Vijana wawili walikuja na pompi mgongoni, wakamwaga mafuta machafu ya gari ndani ya kanivo, mfereji wa maji machafu, wakapuliza dawa vyumbani. Mbu walipungua siku nne tu. Tangu hapo mtoto wangu mdogo ameshikwa na malaria mara mbili. Vijana wanasema dozi ilikuwa ndogo, turudie kwa 10.000. Ni kweli? Sisi ni watu wa usafi. Nyuma ya nyumba kuna mashimo baba yao anamopigia matofali, lakini maji yake ni safi kabisa, watoto huoga humo.

Jibu: Mama, ungeanza na hayo mashimo, tungemaliza mapema.

Kila msimu wa mvua napata swali hili hili, ni jina la avenyu tu linalobadilika. Kanivo inanuka, basi watu wanaihukumu. Maji meusi yenye sabuni na uchafu wa choo ni makao ya Culex, yule mbu wa kahawia anayekuimbia sikioni hadi usingizi ukupotee. Namchukia kama unavyomchukia, lakini kimelea cha malaria ya binadamu hakikui mwilini mwake. Malaria inabebwa na Anopheles, tena jike, na huyo huchagua maji. Anopheles gambiae anataka maji ya mvua ya juzi, ya kina kifupi, yaliyotulia, yanayopigwa na jua: alama ya gurudumu la lori barabarani, unyayo wa ng'ombe, shimo la matofali. Ndugu yake, Anopheles funestus, anapenda maji yanayodumu yenye majani na matete pembeni. Maji unayoyaita safi kabisa ndiyo anayoyatafuta.

Usiniamini bure. Kesho asubuhi jua likishatoka, chukua upawa na sahani nyeupe. Sogea polepole, kivuli chako kisianguke juu ya maji, maana viluwiluwi vya mbu vikiona kivuli vinazama. Chota pembeni mwa shimo, mimina kwenye sahani, ngoja dakika moja. Kisha chota kwenye kanivo, ulinganishe. Viluwiluwi vya kanivo vitaning'inia kichwa chini, mkia juu, kwa sababu vinapumua kwa mrija ulio mkiani. Vya Anopheles havina mrija huo: vinalala bapa chini kidogo ya uso wa maji, kama vijiti vilivyoanguka. Nimeonyesha watu jambo hili miaka mingi, na karibu kila mara mwenye shimo hunyamaza, kisha anaanza kuhesabu.

Baba yao asiache kazi. Shimo alilomaliza alijaze udongo na vipande vya matofali yaliyovunjika. Analolitumia bado alikaushe kila juma, bila kuruka juma, kwa sababu kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi na nne. Watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Anopheles huuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri. Mkifua chandarua, tumieni sabuni ya kawaida na mkianike kivulini. Kuhusu ile malaria ya pili, kama ilionekana kwa kipimo cha haraka juma mbili tatu baada ya kumaliza dawa, omba damu itazamwe kwa darubini, kwa sababu kipimo kile kinaweza kuendelea kuonyesha malaria iliyokwisha kupona.

Sasa hao vijana. Mafuta machafu hufunika uso wa maji na kuziba pumzi za viluwiluwi, mpaka mvua ya kwanza. Baada ya hapo yanaingia ardhini, na wangapi Katuba wanachota kisimani bomba likikauka? Na dawa waliyopuliza inaitwa nani? Wakuonyeshe chupa yake, yenye karatasi, kabla hujatoa hata fransi moja. Upulizaji wa kweli unafanywa kwenye kuta, kwa kipimo kinachojulikana, na unadumu miezi, kwa sababu Anopheles akishakunywa damu hutua ukutani kupumzika. Dawa ya kukaa siku nne, mara nyingi ni ile ya kupulizia nyanya shambani, iliyokorogwa kwa macho. Anopheles wa sehemu nyingi za Kongo wamekwisha kuzoea pairethroidi, dawa ile ile ya vyandarua vya kawaida, na kila anayepuliza kiholela anazidi kuwafundisha. Kuongeza dozi kutamnufaisha muuzaji tu.

Tena si wao peke yao. Kuna vimashine vya kuchomeka ukutani, eti vinafukuza mbu kwa sauti: havifanyi kitu, umeme uwepo usiwepo. Kinachonitia hofu ni chupa za soda sokoni, zilizojaa maji ya rangi ya maziwa, bila jina, zinazoitwa "dawa ya mbu" na kuwekwa chini ya kitanda. Niliwahi kuona mtoto aliyeionja. Jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa ndoo, mate hayakauki, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Ikitokea kwenu, mtoeni nje kwenye hewa, mvueni nguo, mwosheni kwa maji na sabuni, lakini msicheleweshe safari ya hospitali kwa ajili ya hayo. Msimtapishe, msimpe maziwa wala mawese. Chupa yenyewe ifungeni kwenye mfuko muende nayo, hata kama haina karatasi.