Besi yangu imekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo, mzee wangu. Mimi ni kijana wa Mwanga, Kigoma. Mwezi uliopita nilitoa EP, yaani albamu fupi, ya biti nne, jumla dakika 11, hazina mwimbaji. Nilizitengeneza kwa kompyuta nikachanganya na sauti nilizorekodi kwenye mwalo wa Kibirizi. Sasa maoni yananivuruga. Wenzangu wa kijiwe cha bodaboda wanasema muziki mwembamba, hauna besi. Mchambuzi mmoja akaandika kinyume chake: besi imezidi, inafunika kila kitu, tena biti zinaishia njiani. Wamama wanaoanika dagaa wameipenda moja tu, ya tatu, na wanairudia kutwa. Nimwamini nani?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla sijakujibu nimezisikiliza biti zako mara tatu. Kwanza kwa simu, nimekaa chini ya mwembe hapa nyumbani Tabora. Kisha kwa spika za masikioni. Usiku nikaziweka kwenye sabufa mpaka bati la jikoni likaanza kutetemeka. Kila mara nilisikia kazi nyingine kabisa. Hao watu wote wamekwambia kweli, ila kila mmoja kwa chombo chake.

Besi ya biti ya kwanza umeiweka chini mno, kwa sikio langu ni kama mitetemo 50 kwa sekunde. Kispika cha simu hakifiki hata ukubwa wa kizibo cha soda. Hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa uzito huo, kwa hiyo pale kijiweni walisikia makofi na kayamba tu. Mchambuzi alivaa spika za masikioni, mzigo wote ukamwangukia.

Usiiongezee besi nguvu, nakuomba sana. Simu bado haitaitoa, na mwenye sabufa atakimbia. Ipe mkwaruzo kidogo, ili juu yake zizaliwe sauti za mitetemo 100, 150, 200 na kuendelea. Zile za juu simu inazimudu, na sikio likizisikia zimepangana hivyo hujaza lenyewe ile ya chini iliyokosekana. Hili nililiona kwa macho yangu enzi nafunga vyombo vya harusi hapa mjini. Spika kubwa iliungua katikati ya shughuli, pale mtaa wa Cheyo. Mpiga besi hakusimama: alisogeza mkono karibu kabisa na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoegemea, nyuzi zikaanza kukwaruza, tukaisikia besi kwenye vispika vya waimbaji. Watu hawakukaa chini. Nilimpenda mzee yule tangu siku hiyo.

Kuhusu kuishia njiani, biti ya pili kweli inakatika kabla haijasema kitu, hapo mchambuzi hakukuonea. Ya nne namkatalia. Ile injini ya boti inayofifia mpaka unabaki na maji matupu ndiyo mwisho wenyewe. Boti imeshaondoka, alitaka uongeze nini?

Mchambuzi akikusifu pia usidhani umemaliza kazi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na wachambuzi wa Ulaya wakaupokea kwa furaha kubwa. Huku nyumbani wengi walikuwa bado wanaiita singeli muziki wa wahuni.

Sasa wale wamama na biti yao ya tatu. Mchakacho wa dagaa wakavu wakigeuzwa mchangani ni sauti nyembamba, ya juu, simu inaitoa nzima. Hiyo ni sababu moja. Lakini mimi niliirudia hata kwenye sabufa, kwa sababu umeufuata mwendo wa mikono yao: wanageuza mara tatu, wanapumzika, wanageuza tena, na ngoma yako inawasubiri. Hukuwalazimisha kwenye mapigo ya kompyuta. Maoni yao ndiyo ningeanza nayo, maana wao ndio wanaoujua mwendo huo kuliko mimi, wewe na mchambuzi.

Rekebisha ya kwanza, imalizie ya pili, kisha uzipeleke kijiweni ukazipige kwa simu ileile. Ya tatu usiiguse.