Swali la Lugha: Je, "kijiua" na "kijindege" ni maneno ya dharau?

SWALI: Mimi ni mpenzi wa vitu vidogo. Hapa Muheza ninaotesha kwenye vikopo yale maua ya zambarau ambayo asili yake ni milima ya Usambara, ninapiga picha za ndege aina ya chozi wanaokuja barazani kwangu, na kamera ninayoitumia inaingia mfukoni. Ninaandaa kitabu cha picha hizo. Katika maelezo niliandika "kijiua hiki", "kijindege hiki kimetua" na "kikamera changu". Mhariri amefuta yote matatu na kuandika "ua dogo", "ndege mdogo" na "kamera ndogo", akisema kwamba maneno yangu yana dharau. Rafiki yangu wa Nairobi ananishauri niandike "kandege haka". Nimfuate nani?

JIBU: Mhariri wako ameliona gugu, lakini katika kuling'oa amekwenda na mche. Ni kweli kwamba kiambishi ki- cha udogo, na hasa kiji-, hutumiwa kudunisha. Watanzania wengi watakumbuka jinsi neno "vijisenti" lilivyovuma mwaka 2008, baada ya mwanasiasa mmoja kuliita hivyo fungu la fedha lililozidi dola milioni 1. Tunasema pia "vijisababu" kwa visingizio visivyo na uzito, na mtu mzima anayeitwa "kijitu" ana haki ya kukasirika. Lakini kiambishi hicho hicho ndicho kilichotupatia kijito kutokana na mto, kilima kutokana na mlima, kijitabu kutokana na kitabu, na kijiko kutokana na mwiko, na sijapata kumsikia mtu akilalamika kwamba kijiko chake kimetukanwa. Dharau huingia pale ambapo jina linakipunguza kitu kuliko kilivyo. Zaidi ya dola milioni 1 si fedha ndogo, ndiyo maana neno "vijisenti" liliwachoma watu. Chozi, ambaye uzito wake ni wa gramu chache tu, hapunguziwi chochote anapoitwa kijindege, kwa sababu hivyo ndivyo alivyo.

Tena, "ndege mdogo" na "kijindege" havina maana moja. Kivumishi -dogo hulinganisha kitu na wenzake wa jamii yake, na kwa viumbe wenye uhai hugusa pia umri: mdogo wangu ni aliyezaliwa nyuma yangu, hata kama amenizidi kimo. Kinda la tai ni ndege mdogo leo, na baada ya miezi kadhaa si mdogo tena. Chozi aliyekomaa, mwenye mwenzi na kiota, atabaki kijindege mpaka mwisho wa maisha yake. Msomaji anayekuta "ndege mdogo" chini ya picha yako anaweza kudhani umepiga picha ya kinda, na kwa mtu anayependa ndege hilo ni kosa la maana. Hapa nakushauri urudishe neno lako.

Ukilirudisha, lirudishe pamoja na upatanisho wake, nawe umeupatia: "kijindege hiki kimetua". Kwa kawaida majina ya viumbe hufuata upatanisho wa A-WA hata yanapoanza kwa ki-; ndiyo maana twasema "kipepeo huyu ameruka" na "kiboko huyu amelala", na kiboko, tukiri, hana udogo wowote wa kujivunia. Nomino inapodogoshwa kwa makusudi, sentensi nzima hugeuka kuwa ya KI-VI: "kitoto hiki kinacheka". Mgeuko huo ndio unaomwonyesha msomaji kwamba mwandishi anauelekezea macho udogo wenyewe. Ukiandika "kijindege huyu ametua" wapo watakaokuelewa bila shida, ila nusu ya sentensi itakuwa inadogosha na nusu nyingine imesahau.

Kuhusu ua, umefanya vyema kuchagua "kijiua" na kuliepuka neno "kiua", ambalo baadhi ya watu wangeliunda kwa haraka. Kanuni ya jumla ni kwamba mashina mafupi ya silabi moja, pamoja na baadhi ya yale yanayoanza kwa irabu, huhitaji -ji- katikati ili yasimame: mti hutoa kijiti, mbwa hutoa kijibwa, na ule mwiko wetu ukatoa kijiko. Kwa "ua" kuna sababu ya ziada. Kiswahili cha leo kimelitumia umbo kiua- kwa vitu vinavyoua, kama vile kiuavijasumu cha hospitalini na viuatilifu vya shambani, kwa hiyo "kiua changu cha barazani" kingeweza kumfanya jirani awafungie kuku wake.

Ua lako linanivuta niseme jambo jingine. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa utawala wa Wajerumani huko Usambara, alipeleka ua hilo Ulaya, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia kwa heshima yake. Tangu hapo limekuwa ua la vyungu katika madirisha ya Ulaya na Marekani, na wapenzi wake wa Marekani wana daraja maalumu la mimea midogo kabisa, ambayo upana wake hauvuki inchi 6, yaani sentimita 15 hivi. Hawausifu mmea kwa udogo pekee. Wanataka majani yapangane kwa duara bila kuacha mianya, na vikonyo viwe vifupi. Sifa hiyo haielezwi na "ua dogo" wala na "kijiua", kwa kuwa mmea uliodumaa kwa kukosa maji nao ni mdogo. Neno linalofaa ni "ulioshikamana": "mmea mdogo ulioshikamana".

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe kuhusu kamera. "Kikamera" ni umbo sahihi kisarufi, lakini kinachokupendeza katika kamera yako, kama ninavyokuelewa, ni kwamba haikupungukiwa kitu kwa kuwa ndogo. Leica, kamera ndogo iliyobuniwa na Oskar Barnack na kuonyeshwa hadharani huko Leipzig mwaka 1925, ilitumia fremu ya filamu ya milimita 24 kwa 36, na picha yake iliweza kukuzwa ikajaa ukuta. Kuiita mashine ya namna hiyo "kikamera" kunamwacha msomaji na shaka kama ni kifaa kamili au ni cha kuchezea watoto. "Kamera ndogo" ya mhariri si mbaya, lakini imepoa. Watanzania walipopata simu ya kubeba hawakuiita "kisimu", walisema simu ya mkononi au simu ya kiganjani, wakakitaja kiungo kinachoishika. Andika "kamera yangu ya kiganjani".

Limebaki shauri la Nairobi. Viambishi ka- na tu- ni vya kale katika lugha za Kibantu. Mkikuyu husema "kanyoni", Mganda husema "akanyonyi", na Kiswahili cha Lubumbashi huko Kongo kinavitumia kila siku, kwa hiyo rafiki yako hakuvizua. Havimo katika Kiswahili sanifu kwa sababu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuhusu usanifishaji wa lugha ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wake, na Kiunguja hudogosha kwa ki-. Mimi mwenyewe huona kwamba "kandege haka kazuri" lina upole ambao "kijindege" halina, na kama ungekuwa unazungumza na rafiki yako nisingekuzuia. Katika kitabu kitakachosomwa Muheza, Unguja na Mombasa, "kandege" litasomwa kama lafudhi ya mahali, na jicho la msomaji litahama kutoka kwenye picha kwenda kwenye maneno.