Maswali ya Wasomaji: Kuchora mandhari karibu na nyumba iliyouzwa

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nyumba waliyoijenga wazazi wangu juu kidogo ya mji wa Tukuyu, katikati ya migomba na chai, iliuzwa baada ya baba kufariki. Sasa ninaishi Mbeya mjini, nimejifunza kuchora kwa rangi za maji, na kila nipatapo nafasi hupanda gari kwenda kuchora kule nilikokulia. Lakini picha zangu hutoka kijani tupu, karatasi haikauki kwa ukungu, na nikiitazama ile nyumba nashindwa hata kuanza. Je, niichore au niiache? — Msomaji wa Uyole, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba wa mzee. Nianze na swali lako la mwisho, kwa maana ndilo zito kuliko mengine. Kwa sasa usiifanye nyumba kuwa kiini cha picha. Mtu akichora nyumba aliyokulia, mkono huandika anachokijua, yaani dirisha la chumba chake, mlango wa jikoni na mti aliokuwa akiupanda, hata kama mti huo umeshakatwa, na jicho halipati nafasi ya kutazama. Mchoraji Paul Cézanne wa Ufaransa alichora kwa miaka mingi katika Jas de Bouffan, nyumba ya shamba nje ya mji wa Aix-en-Provence ambayo baba yake aliinunua mwaka 1859. Ilipouzwa mwaka 1899 hakulihama eneo lile. Alijenga chumba cha kuchorea kwenye kilima cha Les Lauves, na kutoka huko akauchora mlima Sainte-Victoire tena na tena hadi alipofariki mwaka 1906.

Wewe nawe unao mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ambao haukuuzwa pamoja na nyumba. Simama mbali kidogo, ukiuelekea mlima, na uiache nyumba iwe kipande kidogo cha bati kati ya migomba. Ukishaizoea ikiwa ndogo namna hiyo, utaweza kuisogelea.

Sasa mwanga. Kutoka Tukuyu, Rungwe uko upande wa kaskazini, na miezi ya Juni na Julai jua nalo hupita kaskazini mwetu, kwa hiyo saa sita mchana unautazama mlima ukiwa umeelekea jua, na mabonde yake hayajitokezi. Asubuhi mwanga huingia kutoka kulia kwako, jioni kutoka kushoto, na hapo kila mkunjo wa mlima huonekana. Mimi ningechagua kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kabla mawingu hayajaanza kukusanyika kileleni. Milima ya Livingstone, iliyo mashariki, iache hadi jioni, jua linapoiangaza kutoka nyuma yako. Kwa kuwa vivuli husogea haraka, weka alama zake kwa penseli mara tu unapoketi, kisha usizibadilishe tena hata kama vyenyewe vimehama.

Kuhusu kijani, nadhani unatumia kijani cha kwenye kopo jinsi kilivyo. Kiweke kando, uchanganye bluu na manjano mwenyewe, na kikizidi ukali ukitulize kwa tone la nyekundu. Zaidi ya yote, tazama kwa subira. Jani la mgomba lililopigwa jua kwa nyuma huwa karibu na manjano, lakini jani hilohilo likipigwa kwa juu hung'aa kijivu chenye bluu ya anga. Shamba la chai lililo tayari kuchumwa lina tabaka changa la kijani cha manjano juu ya majani yaliyokomaa, na likishachumwa hubaki kijani kizito. Mashamba mawili yanayopakana yanaweza kuwa na rangi mbili tofauti kabisa. Miteremko ya mbali haina kijani karibu chochote, kwa sababu hewa iliyo katikati huigeuza kuwa bluu iliyofifia.

Ukungu hauwezi kushindwa kwa nguvu. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, hivyo safari ndefu zipange kati ya Juni na Oktoba. Tumia karatasi nene ya gramu 300, uibane pande zote kwenye ubao, uchore picha ndogo zisizozidi ukubwa wa daftari, na uchukue maji machache kwenye brashi kuliko unavyotumia nyumbani. Siku ya ukungu mzito anza na ukungu wenyewe: lowesha karatasi, upake kijivu chepesi cha mlima, kisha usubiri ikauke kabisa ndipo uweke migomba ya mbele.

Jambo moja limebaki. Piga hodi kwa wenye nyumba wa sasa kabla hujafungua rangi, hata kama umeketi njiani, uwaeleze wewe ni mtoto wa nani na umekuja kufanya nini. Wakikukaribisha uani, nenda kawasalimie, lakini picha uendelee kuichorea pale njiani.